Kabla ya Kupasua Trekta: Kuitambua Hitilafu ya Klachi katika Trekta la Zamani

Klachi ni kiungo kisichoonekana. Imefichwa ndani ya nyumba ya chuma kati ya injini na giaboksi, na ili kuifikia hapana budi trekta ligawanywe katikati, injini na magurudumu ya mbele upande mmoja, giaboksi na magurudumu ya nyuma upande mwingine. Mafundi huiita kazi hiyo kupasua trekta. Ni kazi nzito, inahitaji jeki na stendi imara, na malipo ya ufundi hubaki yale yale hata kama kilichokutwa ndani ni kidogo. Tena trekta lililopasuliwa katikati ya msimu wa kulima ni ekari zisizolimwa, na mvua haimsubiri fundi.

Kwa sababu hiyo mwenye trekta anayeambiwa kwamba klachi imekufa yumo katika hali ya unyonge. Hawezi kukiona kinachodaiwa kuwa kibovu, na hadi atakapokiona atakuwa amekwisha kuingia gharama kubwa kuliko zote. Matrekta hupasuliwa kwa sababu ya nati ya kurekebishia iliyolegea nje, chini ya kanyagio. Mengine hubadilishwa pampu ya haidroliki ilhali ugonjwa uko kwenye klachi. Makala haya yanamweleza mlaji vipimo anavyoweza kuvifanya mwenyewe, bila kufungua chochote, kabla hajaruhusu trekta lake liguswe au hajalipia trekta la mtu mwingine.

Maelezo yanahusu hasa matrekta ya aina ya Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, na ndugu zake waliofuata kama 240, kwa kuwa mengi bado yanafanya kazi mashambani na yanaendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono. Mwenye trekta la aina nyingine atayakuta mambo mengi yakifanana, ila vipimo avichukue katika kitabu cha trekta lake.

Klachi moja, au mbili katika nyumba moja

Nyuma ya injini kuna gurudumu zito la chuma liitwalo flaiwili. Sahani ya klachi, iliyofunikwa lainingi pande zote mbili, hubanwa juu ya flaiwili hiyo kwa nguvu ya springi. Sahani ikibanwa, mzunguko wa injini unapita hadi kwenye giaboksi. Dereva akikanyaga, beringi ya klachi husukumwa mbele, huvikandamiza vidole vya chuma, navyo huondoa mbano. Sahani inabaki huru na gia inaweza kuingia bila kelele.

Matrekta mengi ya kundi hili yana klachi ya hatua mbili, ambayo mafundi huiita dabo klachi. Ndani ya nyumba moja mna sahani mbili. Moja ni ya mwendo wa trekta, nyingine ni ya PTO, yaani mhimili wa nyuma unaozungusha mashine ya kupukuchua, pampu ya maji au mashine ya kukatia nyasi. Ukikanyaga hadi nusu, trekta linasimama lakini PTO inaendelea kuzunguka. Ukikanyaga hadi mwisho, PTO nayo inasimama. Yako pia matrekta yenye umbo lile lile kwa nje ambayo yana sahani moja tu. Ni vema kujua lako ni lipi kabla ya kumwita fundi, maana bei ya vifaa ni tofauti na dalili nazo ni tofauti. Kipimo ni chepesi: washa injini, ingiza PTO bila mashine yoyote kufungwa nyuma, hakikisha hakuna mtu karibu na mhimili huo, kisha kanyaga polepole huku msaidizi aliyesimama mbali akitazama. Iwapo mna hatua mbili, mguu utahisi kituo au uzito kuongezeka katikati ya safari, na PTO haitasimama hadi upite hapo.

Anza na kanyagio

Mtu asikubali kupasua trekta kabla kanyagio halijapimwa. Zima injini, zuia magurudumu kwa mawe au magogo, kisha libonyeze kanyagio kwa mkono, si kwa mguu. Mwanzoni litashuka kwa wepesi, halafu utahisi limegota penye upinzani. Umbali huo wa wepesi ni nafasi huru. Mafundi huiita plei. Ina maana kwamba beringi ya klachi haigusi vidole pale mguu unapokuwa haupo. Kwa matrekta mengi ya zamani nafasi huru huwa kama sentimita 1 hadi 3 ukiipima kwenye kanyagio, lakini kipimo halali ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji. Pima kwa rula, andika.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Lainingi zinapolika, nafasi huru haiongezeki bali hupungua, kwa kuwa vidole husogea nyuma kuifuata beringi. Siku itakapoisha kabisa, beringi itakuwa inavisukuma vidole muda wote, kama vile dereva ameweka mguu juu ya kanyagio asubuhi hadi jioni. Klachi itaanza kuteleza ingawa lainingi bado zina unene wa kutosha. Trekta la namna hiyo hupona kwa spana mbili na nusu saa ya kurekebisha fito ya kanyagio.

Nafasi huru ikizidi, matokeo ni ya upande wa pili: hata ukikanyaga hadi chini, beringi haisafiri vya kutosha, klachi haiachii, na katika dabo klachi PTO haisimami. Hilo nalo ni rekebisho la nje, isipokuwa pale tundu za pini za fito zimelika hadi kuwa na umbo la yai, au mhimili wa kanyagio umechakaa. Katika hali hiyo pini na bushi hubadilishwa, na bado trekta halijapasuliwa.

Ukiwa chini ya kanyagio, zitazame nyuzi za fito ya kurekebishia. Kama nati imekwishafika mwisho na hakuna nyuzi zilizobaki, basi rekebisho limefanywa mara nyingi na lainingi zinakaribia ukingoni. Nyuzi hizo ni kumbukumbu ya klachi nzima, na hakuna muuzaji anayekumbuka kuzificha.

Klachi inayoteleza

Dalili yake wakulima wanaijua: jembe linaingia ardhini, injini inapaza sauti, trekta halisongi kwa kadiri ya sauti ile, na baada ya muda kunatoka harufu kali ya kuungua. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayofanana na utelezi nayo si utelezi. La kwanza ni magurudumu ya nyuma kuzunguka pale pale kwa sababu udongo umelowa au uzito hautoshi. Hilo utaliona kwa macho. La pili ni injini kukosa nguvu, na hapo ndipo watu wengi hulipia kosa. Sikiliza mzunguko wa injini wakati mzigo unapozidi. Ukipanda huku trekta likipunguza mwendo, nguvu zinapotea kwenye klachi. Ukishuka pamoja na mwendo, na pengine moshi mweusi ukatoka, klachi inashika vizuri na ugonjwa uko kwenye injini: chujio la dizeli limeziba, au la hewa limejaa vumbi, au nozeli zimechoka. Chujio hubadilishwa asubuhi na trekta likalima mchana.

Ili kuthibitisha, peleka trekta mahali tambarare pasipo na watu mbele wala nyuma. Injini ikiwa ya moto, funga breki kwa nguvu, weka gia ya juu, ongeza moto kidogo juu ya ule wa kusubiria, kisha achia klachi polepole lakini bila kusita. Klachi nzima itaielemea injini hadi izimike au ikaribie kuzimika. Injini ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea na trekta limesimama, klachi inateleza. Kanyaga mara moja. Kipimo hiki hufanywa mara moja au mbili tu. Anayekirudiarudia anaichoma klachi aliyokuja kuipima. Kama breki za trekta ni dhaifu, jembe lililozama ardhini litakupa jibu lile lile.

Utelezi ukithibitika, na nafasi huru ikiwa sahihi, yamebaki mawili: lainingi zimelika au springi zimechoka, ama mafuta yamezifikia lainingi. Tofauti hiyo ina thamani ya fedha. Klachi iliyolika hubadilishwa. Klachi iliyolowa mafuta ikibadilishwa bila kubadilisha sili inayovuja italowa tena kabla ya msimu kwisha, na mwenye trekta atalipia kupasua mara ya pili.

Mafuta hayo yanaweza kutambuliwa kutoka nje. Chini kabisa ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo, na kwa kawaida limewekewa pini iliyogawanyika ncha, inayoning'inia na kuchezacheza ili tundu lisizibe. Safisha matope hapo, weka kipande cha boksi safi chini yake usiku kucha. Kikidondokewa na mafuta meusi, mepesi, yenye harufu ya moshi, ni ya injini, na sili ya nyuma ya injini ndiyo inayovuja. Yakiwa na rangi ya asali, au meupe kama maziwa kwa sababu maji yameingia, yanatoka kwenye giaboksi. Kama hakuna kinachodondoka, usifurahi kabla ya kuhakikisha kwamba tundu liko wazi. Trekta lililolima majaruba ya mpunga mara nyingi huwa limezibwa hapo kwa tope lililokauka, na mafuta yamejikusanya ndani.

Wapo wanaoshauri kumwaga petroli ndani ya nyumba ya klachi ili kuosha lainingi. Huo ni ushauri mbaya. Lainingi iliyokunywa mafuta haisafishiki, na mvuke wa petroli ndani ya chumba kilichofungwa, karibu na stata inayotoa cheche, ni moto unaosubiri ufunguo.

Klachi isiyoachia

Kanyaga hadi mwisho, hesabu hadi tano, ingiza gia ya kurudi nyuma. Ikiingia kimya, klachi inaachia. Ikisaga meno, au trekta likasogea polepole na mguu ukiwa chini, sahani bado inaburutwa. Sababu ya kwanza ni nafasi huru iliyozidi, ambayo tumekwisha kuieleza. Sababu ya pili huwapata wale walioegesha trekta nje kwa miezi: unyevu wa masika unaingia, sahani inashikana na flaiwili kwa kutu, na siku ya kwanza ya msimu gia hazikubali kuingia kabisa. Trekta hilo halihitaji vifaa vipya. Dereva mzoefu hulipasha moto injini hadi ishike joto lake la kazi, kisha huizima, hulielekeza trekta kwenye uwanja mpana usio na mtu wala kitu mbele, huweka gia, hukanyaga klachi na kuwasha. Trekta litaanza kwenda. Naye, mguu ukiwa bado chini, huongeza na kupunguza moto na kushika breki kwa vipindi hadi sahani ibanduke. Kazi hiyo isifanywe karibu na nyumba, wala na mtu asiyejua kuzima injini kwa haraka. Yapo matrekta yenye swichi ya usalama isiyoruhusu kuwasha gia ikiwa imeingia, na swichi hiyo isiunganishwe kwa waya wa njia ya mkato kwa ajili ya jambo hili, aachiwe fundi. Wenye busara huzuia tatizo lenyewe: trekta linapoegeshwa kwa muda mrefu, kanyagio hufungwa chini kwa kipande cha mti ili sahani ikae mbali na flaiwili.

Zilizobaki ni sababu za ndani: sahani iliyopinda kwa joto, meno ya kitovu cha sahani yaliyokauka na kushika kutu, vidole visivyo na urefu sawa, au beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyokwama. Hizo haziponi nje.

Iwapo mwendo unaachia vizuri ila PTO haisimami hata mguu ukifika mwisho, usikubali upasuaji kwa haraka. Katika matrekta mengi ya dabo klachi hatua ya pili ina boliti zake za kurekebishia, na zinafikiwa kupitia kifuniko kidogo cha ukaguzi kwenye nyumba ya klachi. Muulize fundi kama amekifungua kifuniko hicho na amepima nini.

Mikono ya nyuma isiyonyanyua jembe

Jambo hili linastahili nafasi yake, kwa kuwa limewapotezea fedha watu makini. Katika Massey Ferguson 135 pampu ya haidroliki imo ndani ya giaboksi na inazungushwa na mhimili ule ule wa PTO. Sahani ya PTO ikianza kuteleza, pampu inakosa mzunguko mzigo unapoongezeka. Jembe tupu linapanda, jembe lililokwama ardhini halipandi, na kila anayetazama anasema pampu imechoka.

Kabla ya kununua pampu, fanya hivi. Funga nyuma mashine ya PTO yenye kazi ya kweli, kwa mfano ya kupukuchua mahindi, na uipe mzigo. Ikiwa mashine inapoteza kasi ilhali injini inazunguka kama kawaida, mkanda au mnyororo wa mashine yenyewe ukiwa mzima, sahani ya PTO inateleza na pampu yako huenda haina kosa. Ikiwa mashine inafanya kazi kwa nguvu zake zote na bado mikono hainyanyui, klachi imeondolewa lawama, na uchunguzi uhamie kwenye pampu, chujio lake na kiasi cha mafuta.

Sauti na mtetemo

Trekta likiwa limesimama na gia ikiwa huru, sikiliza mguu ukiwa juu, kisha ukanyage kidogo hadi nafasi huru iishe, kisha ukanyage hadi mwisho. Mlio unaozaliwa pale nafasi huru inapokwisha ni wa beringi ya klachi. Mlio uliokuwapo tangu mwanzo na unaotoweka unapokanyaga kabisa unatoka kwenye giaboksi, na klachi mpya haitauondoa. Mlio unaosikika tu mguu ukiwa chini kabisa na gia imeingia huelekeza kwenye ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili.

Trekta linalotetemeka na kurukaruka wakati wa kuondoka huwa na mafuta kidogo kwenye lainingi, au sahani iliyopinda, au, na hili hukaguliwa kwanza, boliti zilizolegea kati ya injini na nyumba ya klachi.

Unaponunua trekta lililotumika

Fika bila kutoa taarifa ndefu, na uombe trekta usilikute limekwisha kuwashwa. Rangi mpya isikuvutie. Lala chini utazame tundu la nyumba ya klachi na nyuzi za fito. Fanya vipimo vyote vilivyotajwa hapo juu, na kile cha mzigo kisikose. Trekta linaloendeshwa tupu kuzunguka uwanja halisemi lolote kuhusu klachi yake. Muuzaji asiyekuruhusu kulima hatua hamsini amekwisha kukujibu.

Kuhusu sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayomlinda mnunuzi anayenunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo: bidhaa inapaswa kuwa na ubora unaokubalika kibiashara, na kama mnunuzi ameeleza matumizi anayoyakusudia na ametegemea ujuzi wa muuzaji, iwe inafaa kwa matumizi hayo. Ulinzi huo haumfuati kwa namna ile ile anayenunua kwa mkulima mwenzake ambaye si mfanyabiashara wa matrekta. Zaidi ya hayo, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kudai ubora huo kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Mtu aliyezunguka trekta mara mbili, akapiga teke gurudumu na kusema ameridhika, amejiwekea mwenyewe mzigo ambao angeweza kuuacha kwa muuzaji. Kwa hiyo ama kagua kwa dhati pamoja na fundi wako, ama taka maelezo ya muuzaji yaandikwe kwenye mkataba: "klachi ya mwendo na ya PTO zinafanya kazi chini ya mzigo, na hazina uvujaji." Sentensi hiyo fupi ina uzito kuliko ahadi nyingi za mdomoni. Muuzaji wa biashara anayetoa maelezo ya uongo anavunja pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani.

Ikibidi kupasua

Vipimo vikionyesha kwamba ugonjwa uko ndani, usijaribu kuuahirisha kwa kulima "ekari chache tu." Lainingi zikiisha, ripiti za chuma huanza kuichimba flaiwili, na gharama inaongezeka.

Patana kwanza kwa maandishi: bei ya ufundi, bei ya kila kifaa, siku ya kumaliza, na kwamba vifaa vya zamani ni mali yako na utakabidhiwa. Kabla ya kununua klachi, soma namba kwenye kibati cha trekta, na ikiwezekana subiri sahani ya zamani itoke uende nayo dukani. Matrekta yanayofanana kwa nje huja na klachi za vipenyo tofauti na hesabu tofauti ya meno ya kitovu. Pima, hesabu, linganisha. Boksi lenye jina maarufu halithibitishi kitu. Chapa iliyofifia, lainingi zenye nyufa na ripiti zisizolingana ni ishara za bidhaa bandia. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, si neno "vipuri" peke yake. Bila risiti hiyo hutakuwa na la kuonyesha sahani itakaposambaratika wiki ya pili.

Kwa kuwa gharama kubwa ni ya kupasua, vitu vidogo vilivyomo humo vibadilishwe kwa pamoja hata kama bado vinaonekana vizima: beringi ya klachi, beringi ndogo ya flaiwili, sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya giaboksi. Flaiwili iliyochubuka ipelekwe ikasawazishwe kwenye mashine. Fundi anayekataa kubadilisha sili ili akupunguzie bei hakusaidii. Anayetaka kubadilisha giaboksi kwa sababu trekta limeshafunguliwa naye aulizwe maswali.

Mambo mawili ya usalama hayana mjadala. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu kwa ugonjwa unaojitokeza baada ya miaka mingi. Vumbi lililomo ndani ya nyumba ya klachi lisipulizwe kwa kompresa wala lisifagiliwe likiwa kavu. Lilowanishwe, lipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa mbali na watoto. La pili, ekseli ya mbele ya matrekta haya inacheza juu ya pini moja katikati, na trekta likigawanywa sehemu ya injini inaweza kulalia ubavu. Kabari za mti zipigwe pande zote mbili juu ya ekseli kabla ya boliti ya kwanza kulegezwa, na uzito ushikwe na stendi, si jeki wala matofali. Ukifika gereji na kukuta hayo hayapo, ondoa trekta lako.

Klachi mpya hujilaza katika siku za kwanza za kazi, na nafasi huru hubadilika. Pima tena kwa rula baada ya siku chache za kulima, rekebisha kama imepungua, na uandike kipimo hicho na tarehe kwenye ubao wa ndani wa boksi la zana, mahali ambapo dereva atakiona.